Saini Moja Tu: Dada wa Maisaka na Msoto wa Kuwa Afisa Miradi

Mtaani kuna kazi ambazo hazihitaji maelezo. Ukisema wewe ni mwalimu, nesi, bodaboda au fundi cherehani, hakuna anayekuuliza mara mbili. Sasa jaribu kusema wewe ni afisa miradi, halafu angalia sura za watu. Wengine watadhani unagawa pesa za wafadhili. Wengine watakuuliza una mradi wa nini, kuku au nguruwe. Na wajanja wawili watatu watakuvuta pembeni wakuulize kama kuna posho.

Dada mmoja wa Maisaka, pale Babati mjini, ameishi na maswali hayo tangu amalize chuo. Ana miaka 27, shahada anayo, na barua za maombi alizokwisha kuandika zinajaza faili zima. Majirani wakimuuliza mama yake binti anafanya kazi wapi, mama hujibu kwa kifupi tu: "Yupo yupo na mambo ya ofisini." Ofisi yenyewe haipo. Kuna meza ndogo sebuleni, kompyuta iliyochoka betri, na daftari gumu lenye mistari ya wino mwekundu.

Stori yake si zile za "alipambana mpaka akatoboa" zinazozunguka mitandaoni na picha ya gari mwishoni. Bado hajatoboa. Lakini mwaka huu kuna jambo limemkuta, dogo tu kwa macho ya watu, lililohusu karatasi moja na kalamu, na wengi wa rika lake watajiona humo.

Mambo yalianzia barabarani. Alikuwa sekondari wakati barabara ya Dodoma hadi Babati inajengwa. Waliosafiri njia ile enzi za vumbi wanajua ilivyokuwa: kiangazi unashuka kwenye basi umekuwa mwekundu kama tofali, masika basi linalala njiani na abiria wanashuka kusukuma. Kilomita 251, na hazikujengwa kwa mkupuo mmoja. Zilikatwa vipande: Dodoma hadi Mayamaya, Mayamaya hadi Mela, Mela hadi Bonga, halafu kile kifupi cha Bonga hadi Babati. Serikali iliweka fedha, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaweka, na JICA ya Japani ikaweka. Mwaka 2018 Rais Magufuli akaja kuizindua, hapo hapo Bonga.

Baba mdogo wake alikuwa kibarua kwenye kazi ile. Akirudi jioni alikuwa na stori za magreda na za Wachina, lakini kuna mtu mmoja aliyemtaja kila mara. Jamaa alikuwa anakaa kwenye chumba cha mabati kambini, ukutani kumejaa makaratasi yenye mistari ya rangi. Jamaa alijua kokoto zinakuja siku gani, lori gani limeharibika, na kalavati gani lisipokamilika wiki hii litawachelewesha watu wa lami mwezi ujao. "Yule hashiki koleo," baba mdogo alisema, "lakini akikosea yeye, sisi wote tunakaa bure."

Binti alilishika hilo neno. Wenzake darasani walitaka udaktari, uanasheria, na mmoja alitaka kuwa msanii kama Diamond. Yeye alitaka kazi ya yule mtu wa makaratasi.

Na kwa kweli kazi yenyewe ndiyo hiyo, ukiivua maneno makubwa. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Afisa miradi ndiye anayetakiwa kujua inaanza lini, inaisha lini, pesa ni ngapi, nani anafanya nini, na kitu gani kinaweza kuharibika katikati. Ndiyo maana yuko kila mahali: kwenye ujenzi, kwenye mashirika ya afya, benki, kampuni za simu, halmashauri. Kisima cha kijiji kina mradi, na bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 nalo ni mradi. Kinachotofautiana ni ukubwa wa makaratasi na uzito wa usingizi unaoukosa.

Alipomaliza kidato cha sita mwaka huo huo wa 2018, alikwenda Dodoma, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kile ambacho kila mtu anakiita Mipango tu. Chuo kimekuwepo tangu 1980 na kina shahada ya upangaji na usimamizi wa miradi. Mkopo wa serikali alipata, ingawa haukutosha, kwa hiyo mama aliuza perege wa Ziwa Babati sokoni na kumtumia chochote kilichobaki. Chuoni alijifunza kuandika andiko la mradi, kupanga bajeti, kuchora chati ya Gantt, kufuatilia na kufanya tathmini. Alijifunza pia kwamba miradi mingi haifi kwa kukosa pesa. Inakufa kwa sababu hakuna aliyeandika nani anapaswa kufanya nini.

Mwaka 2021 akahitimu, akapiga picha na joho, akapata likes zake. Kisha akapanda basi kurudi Maisaka, na msoto ukaanza rasmi.

Anayejua msoto wa Ajira Portal hahitaji kusimuliwa sana. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA. Unapakia vyeti, cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo. Unaandika barua kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, unaiprinti stesheneri, unaisaini, unaiskani, unaipakia. Watu kibao wameachwa kwa sababu ya barua isiyo na saini tu, yaani mtu ana shahada nzuri lakini kasahau kalamu. Halafu unasubiri. Jina likitoka unatafuta nauli, unatafuta pa kulala, unakwenda kukaa kwenye ukumbi na watu mia kadhaa mnaogombea nafasi tatu. Machi 2025 TRA walipofanya usaili wao, zaidi ya watu laki moja waliitwa kwa nafasi 1,596. Hesabu hiyo aliijua vizuri kwa sababu naye alikuwa mmoja wao. Alirudi na kalamu yake na maumivu ya mgongo.

Nafasi za afisa usimamizi wa miradi hutangazwa, ila si nyingi kama za ualimu au za afya. Mara nyingi ni moja moja, kwenye taasisi hii au ile, na mashirika binafsi yakitangaza, mstari wa nne au wa tano unakuja na neno lile linalowaua wahitimu: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Utaupata wapi uzoefu bila kazi, na kazi utaipata wapi bila uzoefu? Hapo ndipo vijana wengi wanapoingia kwenye kitu kinachoitwa kujitolea.

Naye alijitolea. Mwaka 2022 aliingia kwenye shirika moja dogo mjini, bila mshahara, nauli ya bodaboda tu pale ilipopatikana. Alipika chai, alijaza fomu, alibeba mabango ya mikutano. Mwaka ukaisha hivyo. Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 2023, ile siku ngumu ya tope kutoka Mlima Hanang. Katesh iliamka na nyumba hazipo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na misaada ilianza kumiminika kutoka kila kona ya nchi: mablanketi, unga, magodoro, nguo, sufuria.

Alikwenda kusaidia kama walivyokwenda vijana wengi wa Babati. Kule aligundua kwamba msaada ukija kwa wingi unaweza kuwa tatizo usipoandikwa. Familia moja ilipata magodoro manne, nyingine haikupata hata moja, na hakuna aliyekusudia ubaya. Basi alichukua daftari, akatengeneza orodha: jina, idadi ya watu, alichopokea, tarehe, saini au dole gumba. Wengine walimwona anachelewesha foleni. Siku ya tatu, mama mmoja mzee alikuja akidai hajapata kitu, orodha ikaangaliwa, na kweli jina lake halikuwepo. Alipewa siku hiyo hiyo. Kwa dada huyu, ile ndiyo siku aliyojua kwamba hakuichagua fani yake kwa kubahatisha.

Mtu mmoja aliiona ile orodha. Januari 2024 alipewa mkataba wake wa kwanza wa kweli, msaidizi wa miradi kwenye mradi wa afya uliokuwa unalipwa kwa fedha za Marekani. Mshahara unaingia benki, kitambulisho kipo shingoni, na mama sasa anajibu majirani kwa sauti. Alimnunulia mama friji. Alianza kulipa mkopo wa chuo. Alipata na mchumba, kijana wa duka la vipuri Arusha, mtu mwenye heshima zake, na wakaanza kuongea mambo ya mahari.

Ulidumu mwaka mmoja. Tarehe 20 Januari 2025, Trump aliapishwa Washington, na siku hiyo hiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Ndani ya siku chache barua pepe zikaanza kushuka kwenye mashirika duniani kote, na mojawapo ikatua Babati: simamisheni shughuli zote. Magari yakapaki. Mikutano ya vijijini ikafutwa, wengine walikuwa wameshachinja kuku wa wageni. Ilipofika Julai mosi, USAID yenyewe ikafungwa rasmi. Mtu kasaini karatasi upande wa pili wa dunia, na kitambulisho cha Maisaka kikawa plastiki tu.

Chuoni walifundishwa kuandika jedwali la mambo yanayoweza kuharibu mradi. Mafuriko, mfumuko wa bei, uchaguzi, magonjwa. Mradi kutegemea mfuko mmoja ulikuwemo kwenye orodha hiyo, wanafunzi walikuwa wanaujaza kwa mazoea na kuandika "uwezekano mdogo" pembeni.

Mchumba alikuja wikiendi, akakaa, akanywa chai, akasema lililokuwa moyoni. "Mimi naona tufanye hivi. Nikuwekee mtaji, ufungue saluni pale karibu na stendi. Haya mambo ya miradi tuwaachie wenye wajomba zao Dodoma." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyechoka kumwona anayempenda anahesabu siku. Naye hakukasirika, alimwomba mwaka mmoja tu. Jamaa alinyamaza, akakubali, lakini habari ya mahari haikuongelewa tena siku ile.

Katikati ya mwaka, shule moja nje kidogo ya mji ilipata fedha za kujenga madarasa. Siku hizi kazi nyingi za aina hii hazipewi mkandarasi mkubwa. Shule inatafuta mafundi wa kawaida, na wananchi wanaunda kamati: kuna ya ujenzi, kuna ya manunuzi, na kuna ya mapokezi, ile inayokaa langoni kuhesabu kila kinachoshushwa. Posho hamna, au ipo ya soda. Alijitokeza, akachaguliwa katibu wa kamati ya mapokezi kwa sababu mwandiko wake unasomeka na hakuna mwingine aliyetaka. Hesabu zake kichwani zilikuwa rahisi. Miezi minne ya ujenzi, kumbukumbu zote mkononi mwake, na mwisho wa kazi barua yenye muhuri inayosema huyu binti amesimamia mapokezi ya vifaa. Uzoefu huo. Portal ikifunguka, anao.

Wiki ya tatu likaja lori la simenti. Karatasi ya mzigo ilisema mifuko 200. Vijana walishusha, yeye akahesabu kwa mafungu ya kumi kumi, akapata 160. Akahesabu tena na mama mmoja wa kamati, mwenye watoto wawili pale shuleni. Ikawa 160 ile ile.

Mmoja wa wakubwa wa kazi ile alikuwa pale, mtu mzima, anayeheshimika, anayejulikana na kila mtu.

"Binti yangu, wewe saini tu hapo. Hiyo arobaini inakuja kesho."

"Sawa baba. Ikija kesho, nitasaini arobaini kesho."

"Gari linasubiri. Unajua limetoka wapi?"

"Naelewa, baba. Hapa pameandikwa 200, nimehesabu 160. Naandika 160."

"Kwa hiyo unasema sisi wezi?"

"Sijasema hivyo, baba. Nimesema 160."

Dereva alilalamika, vijana wa kushusha wakacheka chini chini, na mama yule wa kamati akaanza kuangalia viatu vyake. Dada alikata ile 200 kwa mstari mmoja, akaandika 160 pembeni kwa wino mwekundu, akaweka saini na tarehe, akapiga picha kwa simu. Lori likaondoka.

Mtu anaweza kusema arobaini ni kitu gani kwenye mifuko mia mbili. Muulize fundi. Zege la jamvi na lenta lina kipimo chake, wengi wanatumia ndoo moja ya simenti, mbili za mchanga na nne za kokoto. Simenti ikipungua, kazi haisimami. Fundi anaambiwa anyooshe, moja kwa tatu, moja kwa nne, na macho hayaoni tofauti siku ya uzinduzi. Tofauti inaonekana mwaka wa pili, sakafu ikianza kubomoka kama biskuti na ukuta kupata ufa wa kuingia kidole. Na karatasi itakuwa inasema mifuko 200 iliingia. Mwenye kosa atakuwa fundi, au atakuwa aliyesaini.

Siku tatu baadaye, usiku, mifuko ikaletwa bila karatasi. Asubuhi akaikuta imepangwa stoo. Akahesabu: 38. Akaandika 38.

Hapo ndipo alipovuka mpaka, kwa macho ya baadhi ya watu. Ile 40 alisamehewa kwa shida, lakini miwili? Alianza kuitwa msomi kwa ile sauti inayofanya usomi uwe tusi. Vikao vingine alisikia vimefanyika kesho yake. Hakuna aliyemfukuza. Walimzunguka tu kama maji yanavyozunguka jiwe.

Madarasa yaliisha. Ni mazuri, watoto wanasoma humo sasa. Alipoandika rasimu ya barua yake ya uthibitisho na kuipeleka isainiwe, alipokelewa vizuri kabisa. Karibu binti, kaa, tutaishughulikia, njoo Jumatatu. Jumatatu mkubwa kasafiri. Alhamisi muhuri uko kwa mtu mwingine. Wiki iliyofuata barua haionekani, lete nyingine. Alikwenda mara sita. Wakati huo kulikuwa na tangazo la shirika moja Arusha lililotaka mtu mwenye uzoefu wa kusimamia vifaa vya ujenzi, na barua hiyo ndiyo ilikuwa kiambatanisho. Tarehe ya mwisho ilipita akiwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango.

Hakusaini karatasi yao, na yake haikusainiwa.

Jioni ile mama yake alimuuliza swali ambalo halikuwa la kijinga hata kidogo. "Mwanangu, kwani hiyo simenti si ililetwa? Ungesaini tu, leo ungekuwa na barua."

"Ililetwa, mama. Ila nilipotakiwa kusaini, ilikuwa haijaletwa."

Mama alinyamaza. Ni mtu wa sokoni, anajua kupima samaki na anajua mteja anayesema nitakulipa kesho. Lakini anajua pia mkopo wa chuo unadai, friji inadai umeme, na mchumba wa Arusha anahesabu mwezi wa ngapi. Mzazi akikwambia ungesaini tu, mara nyingi anazungumzia chakula. Rushwa haipo hata kwenye mawazo yake.

Na hili ndilo gumu kwenye kazi ya miradi ambalo hakuna anayeliweka kwenye video za dakika moja za "kazi zinazolipa". Afisa miradi analipwa kusema kilichopo leo kama kilivyo, hata kama kesho kitakuwa kingine. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ikitoka kila mwaka, watu wanashangaa mabilioni kwenye mitandao kwa siku tatu, kisha wanarudi kwenye udaku. Ila ukiisoma kwa utulivu, utakuta vitu vingi vilianza hivi hivi: vifaa vilivyolipiwa bila kupokelewa, malipo bila nyaraka, kazi isiyokamilika iliyosainiwa kuwa imekamilika. Nyuma ya kila mstari wa namna hiyo kulikuwa na mtu ameshika kalamu, na pembeni yake mtu mzima anamwambia gari linasubiri.

Sasa, stori haikuishia kwenye benchi. Wiki kadhaa baadaye simu iliita. Alikuwa fundi mkuu wa yale madarasa, mzee wa maneno machache ambaye siku ya lori hakusema chochote. Kulikuwa na Mtanzania anayeishi Uingereza, anajenga fremu za maduka Babati, na ameshaumizwa mara moja. Ndugu yake alimtumia picha za msingi mwezi baada ya mwezi, na alipokuja likizo akakuta zile picha ni za jengo la mtu mwingine. Safari hii alimwambia fundi hataki ndugu, anataka mtu wa kuhesabu. Fundi akasema anamjua mmoja.

Ndiyo kazi aliyonayo sasa. Mkataba wa ukurasa mmoja, malipo ya kila wiki, hakuna kitambulisho cha shingoni. Kila jioni anatuma WhatsApp picha za kazi na gazeti la siku likiwa mkononi, anajaza jedwali la Excel lenye vilivyoingia, vilivyotumika na vilivyobaki, na kila Ijumaa anaandika ripoti fupi: tulipanga hiki, tumefanya hiki, kimechelewa hiki kwa sababu hii. Nondo zilipopanda bei alimwambia bosi siku ile ile badala ya kusubiri pesa ziishe. Bosi alishangaa kuambiwa habari mbaya mapema. Hakuwahi kuzoea.

Ni kazi ndogo na itaisha fremu zikiezekwa. Hakuna pensheni humo. Lakini mtu wa makaratasi ukutani, yule wa kambi ya barabara, alikuwa anafanya kazi hii hii, tofauti ni kilomita 251.

Kwa vijana wanaoitamani fani hii, njia ya dada huyu ina mambo ya kushika. Shahada ipo Mipango, Mzumbe wanayo ya uchumi upande wa upangaji na usimamizi wa miradi, na kwa watu wa Manyara, Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati yenyewe, kwa hiyo masomo ya hesabu na biashara hayahitaji tena kuhama mkoa. Vyeti vya kimataifa vipo pia. Vile vya PMI, taasisi ya Marekani iliyoanza 1969, vimegawanyika: PMP ni ya mtu aliyeshaongoza miradi, mwenye shahada anatakiwa kuonyesha miezi 36 ya kuongoza miradi. CAPM ni ya anayeanza, haidai uzoefu, inadai saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi na mtihani. Ada yake ni zaidi ya dola mia mbili, na dada huyu anaiweka kidogo kidogo kwenye kibubu cha simu, kila malipo ya wiki yakiingia.

Vingine havina ada. Excel ukiijua kweli, si kwa kuiandika tu kwenye CV, tayari una silaha. Mfumo wa manunuzi wa serikali, NeST, ulioanza 2023, ukiuelewa utatafutwa na wazabuni wa mtaani wasiojua pa kubonyeza. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinakwama kwa kukosa mtu wa kuandika andiko na kutunza hesabu. Huyo mtu anaweza kuwa wewe. Na kamati za mtaani, zile zisizo na posho ambazo vijana wanawaachia wazee, ndiko vifaa vinakopokelewa na pesa zinakotumika. Kaa humo, uandike, utunze nakala zako na tarehe, kwa sababu barua unaweza ukanyimwa.

Hilo la nakala alijifunza kwa gharama. Kwenye CV yake mpya, chini ya uzoefu, ameandika katibu wa kamati ya mapokezi, ujenzi wa madarasa, 2025. Kiambatanisho cha barua hakipo. Kuna picha 74 zenye tarehe na daftari lenye wino mwekundu. Kwenye sehemu ya wadhamini, kati ya mhadhiri wake wa Mipango na bosi wake wa zamani, ameweka namba ya simu ya fundi ujenzi. Rafiki zake wamemwambia aitoe, haipendezi kwenye CV ya mtu mwenye shahada. Ameiacha.

Portal imefunguka tena na ameshaomba, barua imesainiwa na kuskaniwa, safari hii kaiangalia mara tatu. Mwaka aliomuomba mchumba wake haujaisha. Mama ameacha kusema "yupo yupo." Sasa hivi akiulizwa anasema binti yake anahesabia watu simenti, na majirani wanazidi kuchanganyikiwa.

Ila lile swali la jioni bado lipo mezani pale nyumbani, na watu wazima wa pande zote mbili wana hoja zao. Simenti si ililetwa, kasoro mifuko miwili? Barua si ingepatikana? Kazi ya Arusha si ingekuwa yake? Wewe uliyemaliza chuo miaka minne iliyopita, lori linanguruma, kalamu iko mkononi na mtu mzima anakuita binti yangu, au kijana wangu: ungesaini?